Je, wajua kwa nini nyumba ya mawe huugua ikipakwa saruji?

Nyumba ya mjomba wa mama yangu iko Kiponda, ndani kabisa ya Mji Mkongwe wa Unguja, kwenye kichochoro ambacho ukikutana na mtu mwenye baiskeli lazima mmoja wenu ajibanze barazani. Niliipenda siku ya kwanza nilipoingia nikiwa mtu mzima. Niliipenda kijinga, kama watu wote wanavyozipenda nyumba mbovu: ngazi zilizolika katikati kwa nyayo, mlango wa njumu uliopungukiwa njumu tatu, vidaka ukutani ambavyo hakuna aliyekumbuka viliwekwa nini, dari ya boriti iliyopiga weusi kwa moshi na miaka. Ukuta wa chumba cha chini ulikuwa na madoa ya unyevu na lipu imemeguka huku na huku. Nikajisemea, hapa ni lipu mpya na rangi tu, basi.

Tukapiga lipu ya saruji. Ikapendeza kweli. Masika ya kwanza yakapita salama, majirani wakatusifu. Masika ya pili ukuta ukaanza kutoka jasho, na juu kidogo ya sakafu ukaota unga mweupe kama chumvi. Ulikuwa chumvi kweli. Kabla mwaka wa tatu haujesha, lipu ikawa inabanduka vipande vikubwa kama ukoko wa wali, na kila kipande kilichoanguka kilikuwa kimeng'oa ngozi ya jiwe lililokuwa nyuma yake. Ukuta uliosimama zaidi ya miaka mia moja bila saruji ulikuwa umechakaa kwa miaka mitatu ya saruji kuliko kwa miaka yote iliyotangulia.

Imekuwaje? Saruji si ni ngumu kuliko chokaa?

Ni ngumu, na hapo ndipo penye tatizo. Lakini kwanza tuujue ukuta wenyewe. Nyumba za kale za pwani yetu, tangu Lamu na Mombasa hadi Unguja na Kilwa, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, yaani mwamba uliojengwa na vijidudu vya baharini kwa maelfu ya miaka. Jiwe hilo lina vishimo na vinjia vingi vidogo, kama mkate wa kumimina. Yako ya aina mbili. Lipo la nchi kavu, gumu na la ovyo ovyo, ndilo la kujengea kuta. Na lipo la baharini, linalokatwa likiwa bichi, laini kiasi cha kuchongeka kwa shoka, kisha likikaa hewani linakuwa gumu. Hilo walilihifadhi kwa kazi za urembo: miimo ya milango, mihirabu, kingo za vidaka.

Kilichoyashika mawe hayo ni chokaa, na chokaa yenyewe ni jiwe lilelile. Walipanga magogo duara, wakapakia matumbawe juu yake, wakawasha moto. Jiwe likifika joto la nyuzi 900 hivi za selsiasi, hewa ukaa iliyofungwa ndani yake hutoka, na jiwe safi hupoteza karibu asilimia 44 ya uzito wake. Ukilimwagia maji linafoka, linachemka lenyewe bila moto, linapasuka na kulainika kuwa uji mweupe. Uji huo ukichanganywa na mchanga, na hapa Unguja na udongo mwekundu pia, ukawekwa kati ya mawe, unaanza polepole kuinywa tena hewa ukaa ileile kutoka angani. Baada ya miezi na miaka unakuwa jiwe upya. Kwa hiyo ukuta wa chokaa ni jiwe lililoshikwa na jiwe mwenzake, na vyote viwili vina vinjia vidogo vya kupitisha maji na hewa.

Niseme kidogo kuhusu dari, maana hapa ndipo mapenzi yangu yalipozidi. Boriti ni miti ya mikoko. Wakataji wa Lamu walikuwa na jina kwa kila unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Boriti ikilazwa juu ya kuta mbili na kubebeshwa dari nzito ya mawe na chokaa, haivuki salama zaidi ya meta mbili na nusu hadi tatu hivi. Basi mti ndio ulioamua upana wa chumba. Ukitaka chumba kikubwa unakirefusha, kukipanua huwezi. Ndiyo maana misana, yaani kumbi za ndani, ya nyumba za Lamu ni mirefu na myembamba. Na kwa kuwa majahazi yalipakia boriti kutoka Lamu na delta ya Rufiji kwenda Oman, Bahrain na Kuwait, nchi zisizo na miti ya kujengea, vyumba vya zamani vya kule navyo vina upana uleule. Mtu anaweza kulala Ghuba katika chumba kilichopimwa na mkoko wa Rufiji.

Juu ya boriti walipanga mawe, wakamwaga kokoto na chokaa, kisha watu wakajipanga na vipande vya mti na kupigilia sakafu siku baada ya siku, wakiimba ili mapigo yaende pamoja. Kwa walioishi jirani, hiyo ndiyo ilikuwa redio.

Sasa turudi kwenye ugonjwa. Nyumba hizi hazina karatasi ya nailoni ya kuzuia unyevu kwenye msingi kama nyumba za leo. Maji ya ardhini hupanda ukutani kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi: vinjia vidogo vya jiwe huyavuta juu, yenyewe, bila kusukumwa na mtu. Huwezi kuyazuia, na waashi wa zamani hawakujaribu. Waliuacha ukuta unywe na kutema. Maji yanapanda kidogo, yanafika kwenye lipu ya chokaa, upepo wa kusi au kaskazi unayakausha, yanaondoka. Yakiondoka yanaacha chumvi juu ya lipu, kwa sababu tupo ufukweni na ardhi yetu ina chumvi. Chumvi inaila lipu taratibu. Lipu ndiyo imewekwa pale iliwe: kila baada ya miaka unaibandua na kupaka nyingine, jiwe libaki salama.

Piga saruji juu ya ukuta huo uone. Saruji haipitishi unyevu kama chokaa. Maji yanafika nyuma yake, hayaoni mlango, yanaendelea kupanda. Ukuta uliokuwa ukilowa hadi magotini sasa unalowa hadi kifuani, halafu hadi darini. Kule juu yanakutana na ncha za boriti zilizozikwa ukutani. Mkoko ni mti mgumu, lakini ncha yake ikikaa mbichi mwaka mzima bila hewa inaoza, na mchwa wanakuja kumalizia. Kwa macho dari inaonekana nzima, kumbe imeshikiliwa na mazoea.

Na ile chumvi? Inagandia nyuma ya lipu badala ya mbele. Kila punje ikikauka inataka nafasi, inajitanua ndani ya vishimo vya tumbawe, na kwa kuwa saruji ni ngumu kuliko jiwe, kinachovunjika ni jiwe. Ndiyo maana vipande vyetu vilianguka na ngozi ya ukuta.

Kuna jambo la tatu. Ukuta mnene wa aina hii mara nyingi ni kuta mbili, ya nje na ya ndani, na katikati yake kifusi cha mawe madogo, udongo na chokaa. Nyumba nzima hucheza kidogo kidogo kwa jua, mvua na uzito. Chokaa inavumilia, tena ufa mdogo ukitokea, maji ya mvua huyeyusha chokaa kidogo na kuiacha humo humo kwenye ufa, ukajiziba. Saruji haina subira hiyo. Inapasuka, maji yanaingia, kutoka hayatoki, na kifusi cha katikati kinalainika na kushuka. Ukiona ukuta wa Mji Mkongwe umefanya kitambi, usisimame chini yake kupiga picha.

Haya si mambo ya nyumba za wanyonge tu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 wakati wa Sultan Barghash na kunusurika na mizinga ya Waingereza mwaka 1896, iliporomoka ikiwa katikati ya matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo hilo lina mambo yake mengi, nguzo za chuma na sakafu nzito, wala sisemi kilichowaua wale ni lipu. Nalitaja kwa sababu tangu siku ile, nikisikia neno "ukarabati" kwa nyumba ya mawe, siulizi tena bei kwanza.

Mbona basi watu wote, mimi nikiwa wa kwanza, tunakimbilia saruji? Kwa sababu ipo dukani pembeni, inakauka kesho, na kila fundi kijana anaijua. Kichekesho ni kwamba saruji nayo ni tumbawe. Kiwanda cha Bamburi karibu na Mombasa, kilichoanza uzalishaji mwaka 1954, kilichimba mawe ya matumbawe ya pale pale pwani. Ukiyachoma mawe hayo na udongo hadi nyuzi 1450 hivi unapata saruji, ukiyachoma peke yake hadi 900 unapata chokaa. Ni ndugu wa tumbo moja wasiopatana ukutani. Na kwa nyumba ya matofali iliyojengwa kwa saruji tangu msingi, sina ugomvi nayo hata kidogo.

Sababu nyingine ni ya kifamilia. Baada ya mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa na kugawiwa familia kadhaa kwa kila moja, na zilizobaki kwa wenyewe zimerithiwa na kurithiwa tena. Yetu ina warithi kumi na mmoja, kuanzia Dar es Salaam hadi Muscat. Kumi na mmoja wakikubaliana jambo, watakubaliana lililo rahisi. Mji uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, Lamu ukafuata 2001, lakini orodha haizibi paa linalovuja.

Aliyetufungua macho ni mwashi mmoja mzee. Nilimwamkia, akaitika, wala hakutaka chai. Alienda moja kwa moja ukutani, akagonga kwa kifundo cha kidole, akisogea hatua kwa hatua. "Hapa panalia kama kibuyu," akasema. Akaweka kiganja, akakiacha pale muda mrefu, kama anayempima mtoto homa. Kisha akanigeukia: "Mwanangu, huyu umemvisha koti la mvua halafu ukamwambia akalime."

Hakuanza na ukuta. Alianza na paa na mifereji, kisha choo cha ghorofani ambacho bomba lake lilikuwa likidondosha ndani ya ukuta siku zote hizo. Kwa maoni yangu, vyoo vilivyopandishwa juu bila mpango vimezidhuru nyumba hizi karibu sawa na saruji. Masika yalipokata tukabandua lipu kwa tindo na nyundo ndogo, taratibu. Chumvi iliyobaki juu ya mawe nilitaka kuiosha. Alininyang'anya ndoo. Ukiiosha inayeyuka na kurudi ndani. Inapigwa brashi kavu, inakusanywa na kutupwa mbali. Ukuta ukaachwa uchi miezi yote ya kipupwe. Wageni walidhani tumeishiwa fedha, na hawakukosea sana.

Baada ya hapo ndipo tukatomea mashimo kwa mawe madogo na chokaa, tukapiga lipu: sehemu moja ya chokaa iliyolowekwa muda mrefu, tatu za mchanga uliooshwa, tabaka jembamba la unene wa sentimeta moja hivi, kisha jingine wiki kadhaa baadaye. Chokaa haitaki kukaushwa haraka. Ikikauka kabla ya kuinywa hewa ukaa ya kutosha inabaki unga, ukipitisha mkono inatoka. Kwa hiyo kazi kubwa ya mwenye nyumba ni kunyunyiza maji na kutundika magunia mabichi ukutani asubuhi na jioni. Boriti nne zilizooza ncha zilibadilishwa, moja moja, dari ikiwa imeegemezwa.

Chumba kimoja kimekwisha, na ukikiingia mchana unahisi ubaridi wake kabla hujazoea giza. Sasa tuko kwenye cha pili. Binamu yangu wa Muscat, ambaye ndiye anayetuma sehemu kubwa ya fedha, huniandikia kila Ijumaa: "Bado tu?" Namtumia picha ya magunia. Wiki iliyopita alijibu kwamba babu yetu naye alitundika magunia kama hayo, kwenye ukuta uleule, yeye akiwa mtoto, na siku zote alidhani ni nguo zimeanikwa.