Signal kudai namba ya simu hakuvunji usimbaji wake

Kuna hoja ambayo nimeijibu katika mafunzo mengi mno ya usalama wa mawasiliano, na wiki hii nimeletewa tena: kwamba programu yoyote inayodai namba ya simu wakati wa kujisajili haiwezi kulinda siri, na kwa hiyo Signal, programu ya kutumiana ujumbe uliosimbwa, haina tofauti na ujumbe mfupi wa kawaida. Hoja hii ni potofu na ina madhara, kwa sababu mwandishi wa habari anayeiamini huishia kurudi kwenye SMS, ambayo mtandao wa simu unaweza kuisoma neno kwa neno.

Usimbaji huugeuza ujumbe ili asiyekuwa na ufunguo asiweze kuusoma. Funguo zake huzalishwa ndani ya simu yako, na za siri hubaki humo. Namba haishiriki kuzitengeneza. Kazi yake ni kuithibitisha akaunti na kuwawezesha wenzako kukupata. Mwaka 2016, waendeshaji wa Signal walipotakiwa kwa hati ya mahakama huko Virginia, Marekani, watoe taarifa za mtumiaji, walichokuwa nacho cha kutoa ni wakati akaunti ilipofunguliwa na siku ilipounganishwa na seva kwa mara ya mwisho. Ujumbe haukuwapo, wala orodha ya watu aliowasiliana nao.

Tatizo la namba ni utambulisho, na hapa ndipo ninapoomba uvumilivu wa msomaji, kwa sababu maelezo mengi ya suala hili yameandikwa na watu wa nchi ambazo laini hununuliwa dukani bila kuulizwa jina. Tanzania, laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na zile ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kuzimwa Januari 2020. Wengi wanapolisikia hilo huiwazia serikali peke yake, ilhali jirani yako naye anaweza kukutambua: akiingiza namba yako kwenye M-Pesa kana kwamba anakutumia pesa, jina la mwenye laini humtokea kabla hajathibitisha muamala, naye anaweza kuishia hapo bila kutuma hata shilingi. Kipengele hicho ni kizuri, kimewaepusha wengi kutuma pesa kwa mtu asiyehusika, na nisingependa kiondolewe. Lakini maana yake ni kwamba kwetu anayeijua namba yako amekwisha kulijua jina lako.

Sasa lifikirie kundi la kawaida la WhatsApp la watu wanaoishi na VVU, ambamo kila mwanachama anaziona namba za wenzake wote. WhatsApp imetumia itifaki (kanuni za kiufundi) ya usimbaji ya Signal kwa watumiaji wake wote tangu 2016, na ujumbe wa kundi hilo umesimbwa ipasavyo, lakini mtu mmoja mwenye nia mbaya akiingia humo anaweza kuondoka na orodha ya majina kamili bila kuvunja usimbaji wowote. Ninapoulizwa kama kundi la namna hiyo ni salama kwa kuwa limesimbwa, huwa nasikitika, kwa sababu swali lililopaswa kutangulia ni nani anaziona namba. Hata nje ya makundi namba huvuja: mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vienna walionyesha kwamba, kwa kuijaribisha namba moja baada ya nyingine, waliweza kuzitambua akaunti bilioni 3.5 za WhatsApp.

Signal ilianzisha majina ya watumiaji Februari 2024, na tangu hapo namba yako haionekani kwa mtu ambaye hajaihifadhi kwenye simu yake. Kuna mpangilio wa pili ambao watu huusahau, unaohusu nani anaweza kukutafuta kwa namba; huo huachwa wazi kwa kila mtu mpaka uufunge mwenyewe. Weka pia PIN na uwashe kifunga usajili, kinachoidai PIN hiyo kabla namba yako haijasajiliwa kwenye simu nyingine, kwa sababu anayefanikiwa kuihamishia laini yako kwenye kadi yake anaweza kupokea msimbo wa uthibitisho na kujisajili kwa namba yako, ingawa hatapata ujumbe wako wa zamani.

Kuhusu uamuzi wenyewe wa Signal kuendelea kudai namba, sijaridhika. Namba huzuia kwa kiasi akaunti za kitapeli, na bila hiyo mtu wa kawaida asingewapata wenzake kwa urahisi, nalikubali hilo. Hata hivyo, utafutaji huo wa wenzako hutegemea sehemu iliyofungwa ndani ya vichakato (chipu) vya Intel kwenye seva za Signal, ambayo watafiti wameivunja zaidi ya mara moja, na jina la mtumiaji likifikishwa kwa Signal na mamlaka, kampuni inaweza kulihusisha na akaunti yake.

Kwa hiyo, chanzo cha habari ambacho utambulisho wake haupaswi kujulikana kabisa sikishauri kitumie laini ya ndugu, kwa kuwa jina litakalotokea kwenye M-Pesa litakuwa la ndugu huyo. Huwa nakielekeza kwenye Threema, programu nyingine ya ujumbe uliosimbwa, ambayo humpa mtumiaji kitambulisho cha herufi na tarakimu 8 bila kudai namba. Programu hiyo hulipiwa, na malipo yenyewe hayana budi kupangwa kwa uangalifu, kwa sababu duka la programu huweka kumbukumbu ya aliyelipa.