Kyureta na mshauri wa sanaa: wanafanya nini hasa?

Kyureta ndiye anayeamua kazi zipi za sanaa zioneshwe, zipangwe vipi na kwa hoja gani. Mshauri wa sanaa yuko upande wa mnunuzi: humwambia anunue kazi ya nani, kwa bei gani, na kama nyaraka zake ni safi. Wote wawili hutembelea karakana za wasanii na hukutana kwenye hafla zilezile, kwa hiyo watu huwachanganya. Ukitaka kuwatofautisha, uliza nani anawalipa. Kyureta hulipwa na makumbusho au waandaaji wa maonyesho. Mshauri hulipwa na mteja, kwa ada au kwa asilimia ya bei, kama dalali wa viwanja.

Kwa wasanii Weusi, nafasi hizi mbili zimekuwa na uzito wa pekee, maana kwa muda mrefu milango ya makumbusho makubwa ya Marekani na Ulaya haikuwafungukia. Studio Museum in Harlem ilianzishwa New York mwaka 1968 kwa sababu hiyohiyo. Kyureta Thelma Golden, aliyekwishatikisa mji mwaka 1994 kwa maonyesho ya "Black Male" kwenye makumbusho ya Whitney, New York, alijiunga nayo mwaka 2000, na mwaka uliofuata akaandaa "Freestyle", maonyesho ya wasanii 28 ambao wengi wao hawakuwa wakijulikana. Tangu 2005 ndiye mkurugenzi.

Makumbusho hayo pia humpa msanii chumba cha kufanyia kazi na posho kwa muda maalumu. Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, alipitia hapo. Mwaka 2019 sanamu zake nne za shaba ziliwekwa kwenye vishubaka vya ukuta wa mbele wa Metropolitan Museum, vilivyokaa vitupu tangu sehemu hiyo ya jengo ilipokamilika mwaka 1902. Sisemi Harlem ndiyo iliyomfikisha pale, kwani kipaji ni chake, lakini msanii asiye na chumba wala wa kumtazama huchelewa sana.

Kyureta Okwui Enwezor wa Nigeria alikwenda mbali zaidi. Alipopewa kuongoza Documenta ya 11, maonyesho makubwa ya sanaa ya kisasa katika mji wa Kassel nchini Ujerumani, mwaka 2002, hakungoja watu waje Kassel tu: kabla ya maonyesho aliitisha mijadala Vienna, New Delhi, St. Lucia na Lagos. Kwa maoni yangu, huo ndio ukyureta wenyewe, kubadilisha mahali mazungumzo yanapoanzia. Kuongeza majina mawili matatu ya Waafrika kwenye orodha iliyokwisha kupangwa ni kazi ndogo.

Upande wa fedha mambo ni makali. Mchoro "Past Times" wa Kerry James Marshall ulinunuliwa na mamlaka moja ya umma ya Chicago mwaka 1997 kwa dola 25,000. Mei 2018 ulipigwa mnada New York kwa dola milioni 21.1. Sheria ya Marekani haimpi msanii fungu kazi yake inapouzwa tena. Februari 2020, mchoro wa Amoako Boafo wa Ghana uliuzwa London kwa pauni 675,000, ilhali makadirio ya juu ya mnada yalikuwa 50,000. Bei kama hizo huleta walanguzi, na wakishaondoka soko la kijana aliyeanza juzi laweza kuporomoka.

Mshauri anayejali msanii humtafutia mnunuzi wa kukaa na kazi, wa kuiazima kwa makumbusho, na anayekubali kwa maandishi kwamba akitaka kuiuza ataanza na galari (duka la sanaa) ilikotoka.

Wapo wanaovaa kofia zote mbili. Si kosa, ila hapo pana mtego: kyureta akiingiza kwenye maonyesho makubwa msanii ambaye kazi zake zimekwisha kununuliwa na wateja wa kyureta huyo, bei inapanda na wateja wananufaika. Kwa hiyo makumbusho yanayomwalika yana haki ya kujua, kabla ya kusaini mkataba, wateja hao ni akina nani na wanamiliki nini.