Spoti turingi ni pikipiki ya namna gani? Maelezo kwa anayerudi barabarani

Spoti turingi ni pikipiki iliyoundwa kufanya kazi mbili kwa pamoja: kukimbia na kukata kona vizuri, kama zile za spoti, na kumbeba mtu na mizigo yake siku nzima bila kumvunja kiuno. Kwa barabara zetu za Nyanda za Juu Kusini, ni chombo kinachotoka Iringa asubuhi, kinapita Mafinga, Makambako na Igawa, na baada ya kilomita zaidi ya 300 dereva anashuka Mbeya akiwa bado na nguvu ya kwenda kusalimia ndugu.

Maelezo haya ni kwa wale waliowahi kuendesha, wakaacha, na sasa wanataka kurudi. Huku kwetu ni wengi. Mabwana shamba, walimu na wahudumu wa afya waliokuwa wakizunguka vijijini na Yamaha AG100 au DT125, kisha familia ikakua wakahamia kwenye gari. Leo watoto wamemaliza shule na hamu imerudi. Mtu huyo akiona spoti turingi kubwa kama Yamaha FJR1300 au Honda Pan European, anaamini ni pikipiki ileile ya zamani iliyoongezwa ukubwa. Imani hiyo ndiyo inayoumiza watu, kwa hiyo tuitazame pikipiki yenyewe.

Kitu cha kwanza unachokiona ni kava kubwa la mbele na kioo kirefu. BMW ilipotoa R100RS mwaka 1976, kava lake lilichongwa kwa kupimwa ndani ya chumba cha upepo, na tangu hapo watengenezaji wengi wakafuata njia hiyo. Kazi ya kava ni kuupitisha upepo pembeni ya kifua na mabega. Anayejua Makambako na Njombe mwezi wa sita na wa saba ataelewa bila kuelezwa: kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa, baridi ya kule inaingia hadi kwenye mifupa, vidole vinakufa ganzi, na kidole chenye ganzi hakijui umeshika breki kwa nguvu kiasi gani. Nyingi zina vishikio vinavyopashwa moto kwa umeme. Watu huviita anasa. Mimi naviona ni kifaa cha usalama, sawasawa na taa.

Ukaaji wake uko katikati. Hulali juu ya tangi kama kwenye pikipiki za mashindano, wala hukai wima kama kwenye bodaboda. Unainama kidogo mbele, miguu inarudi nyuma kidogo, na uzito unagawanyika kati ya makalio, nyayo na viganja. Pembeni kuna masanduku mawili ya mizigo. Kumbuka upana wake ukiwa Mwanjelwa, sokoni Mbeya: mahali unapoona bodaboda anapenya katikati ya daladala na bajaji, wewe mwenye masanduku hupiti.

Sasa injini. FJR1300 ina cc 1,298 na nguvu za farasi zaidi ya 140. Boxer ya cc 150 ina kama 12. Wengi husikia namba hizo wakafikiria kukimbia tu, lakini faida yake kubwa kwenye barabara ya TANZAM, ile ya kwenda Zambia, ni kulipita lori. Barabara hiyo imejaa semi za kwenda Tunduma, na kwa pikipiki ndogo kuipita semi ni safari ndefu upande usio wako. Kwa spoti turingi unazunguka mkono wa mafuta, unapita, unarudi upande wako ndani ya sekunde chache. Hatari inakuja baada ya hapo, maana injini haipigi kelele wala haitetemeki, na usipoangalia mshale hutajua kama uko 80 au 130. Kwa kilomita 100 kwa saa unakata karibu mita 28 kila sekunde. Ukichelewa sekunde moja kumwona ng'ombe anayevuka pale Igurusi, mita hizo 28 zimeshakwenda kabla hata hujagusa breki. Na kwenye makazi sheria ni kilomita 50, na tochi za trafiki hazibagui.

Nikiulizwa jambo moja ambalo anayerudi lazima alielewe, nasema uzito. AG100 ina kama kilo 100. FJR1300 yenye tangi lililojaa inakaribia kilo 290, na tangi lenyewe la lita 25 lina karibu kilo 19 za petroli zilizokaa juu, karibu na kifua chako. Barabarani uzito huo huuhisi. Pikipiki inatulia, hata upepo wa semi inayokuja haiyumbishi sana. Shida iko kwenye mwendo wa kutembea. Chukulia umeingia kituo cha mafuta chenye mteremko, na mji kama Mbeya uliolala chini ya mlima Loleza una miteremko mingi. Unageuza usukani kutafuta nafasi kwenye pampu, mtu anakatiza mbele, unashika breki ya mbele. Pua inazama, usukani uliogeuzwa unavuta pikipiki upande ule ule, na unaweka mguu chini kuzuia kilo 290 ambazo tayari zimeanza kulala. Hakuna paja la miaka hamsini linalozizuia. Kwa hiyo kwenye mwendo mdogo tumia breki ya nyuma peke yake, shika klachi nusu, macho yatazame unakokwenda badala ya tairi la mbele, na nyoosha usukani kabla ya kusimama. Usiiegeshe pua ikielekea bondeni au ukutani, maana nyingi hazina gia ya kurudi nyuma na utaisukuma kwa miguu yako. Tafuta uwanja wa wazi asubuhi ya Jumapili ufanye hayo mpaka mwili uyazoee. Ni mazoezi yasiyo na raha, na ndiyo yenye faida kuliko yote.

Mazoea ya zamani yanadanganya pia kwenye breki. Pikipiki nyingi tulizojifunzia zilikuwa na breki za dramu, na tukazoea kukanyaga ya nyuma. Ukisimama ghafla uzito mwingi unakimbilia mbele na tairi la nyuma linabaki jepesi, kwa hiyo breki ya mbele ndiyo inayokusimamisha. Ishike kwa kukaza taratibu, ukiwa umenyooka. Nunua yenye ABS, mfumo unaozuia tairi lisijifunge ukibana breki, kama unaweza. Itakusaidia siku mkono utakapobana kuliko akili ilivyotaka.

Kwenye kona, pikipiki nzito haitii mwili kuyumba peke yake. Ukitaka kwenda kushoto, sukuma kishikio cha kushoto mbele. Inalala kushoto na kugeuka. Ijaribu kwanza kwenye barabara tupu iliyonyooka, kabla ya kwenda Kitonga, ule mlima wa kona kali kwenye barabara ya Iringa. Kitonga yenyewe ina mambo yake: lori linalopanda huchukua upande wako kwenye kona kali kwa sababu trela haligeuki vinginevyo, na dizeli inayomwagika hubaki kwenye lami pale pale unapotaka kulaza pikipiki. Shuka ukiwa kwenye gia ndogo, injini ikushike, na ukisikia harufu ya breki za lori lililo mbele, liache liende mbali.

Mwinuko nao una neno lake. Injini hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kila unapopanda mita 1,000, na Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya bahari. Kwa spoti turingi upungufu huo hauonekani, lakini pikipiki ya zamani yenye kabureta itakunywa mafuta mengi kuliko hewa iliyopo. Ukifungua plagi unaikuta nyeusi kwa masizi. Zenye mfumo wa kupuliza mafuta kwa kompyuta hupima hewa na kujirekebisha zenyewe. Mimi ningechagua hizo.

Lazima niseme pia kwamba hiki ni chombo cha lami. Tumbo la FJR liko kama sentimita 13 tu kutoka chini, na kuna matuta yatakayoligusa. Rasta, yale matuta madogo ya mfululizo, unazipita kwa utulivu. Barabara ya vumbi ya kupandia Kitulo wakati wa mvua isahau. Kule wenye pikipiki ndefu za nyika ndio wenyewe. Ila Uyole hadi Tukuyu na Kyela, au Makambako hadi Njombe na Songea, ni lami na kona za kutosha kumfurahisha mtu.

Kwa anayerudi, nashauri asianze na zile za kilo 290. Zipo za cc 800 au 900, kama Honda VFR800 au Yamaha Tracer 900, zenye kilo kati ya 210 na 250, na zinafanya safari ileile.

Kabla ya kutoa pesa, kagua matairi. Saizi ya kawaida ya nyuma ni 180/55 ZR17, na fundi wa mtaani atakwambia, "Mzee, hii mpaka uagize." Ni tyubulesi, yaani halina mpira wa ndani, kwa hiyo beba vifaa vya kuziba pancha na pampu ndogo. Kisha tafuta tarakimu nne ubavuni mwa tairi: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2314 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Pikipiki iliyokaa miaka mingi kwenye gereji ya mtu inaweza kuwa na tairi lenye kashata (meno yake ya nje) nzuri kabisa na mpira uliokauka. Hilo libadilishe kabla ya kutoka nje ya mji, hata kama muuzaji anasema halijatembea.