Je, wajua kwa nini haidroliki ya trekta kuukuu inanyanyua vizuri asubuhi halafu ikifika saa tano inagoma?

Kama una trekta dogo la zamani huku kwetu Masasi, hasa miezi ile ya kufyeka chini ya mikorosho kabla korosho hazijaanza kudondoka, hii utakuwa umeshaiona. Saa moja asubuhi unawasha, unavuta leva, slasha (ile mashine ya kufyekea inayofungwa nyuma) inapanda kama haina uzito. Saa tano unavuta leva ileile, mikono ya nyuma inatetemeka, inafika nusu, inaganda hapo. Trekta likilala likapoa, kesho asubuhi zima kabisa. Sasa chombo gani kibovu kinajiponya usiku?

Mi nilisema pampu imechoka, na nilisema kwa kujiamini. Trekta ni la mjomba, na mjomba akaniamini kwa kuwa ndo mimi niliyegusa gusa shule. Hoja yangu ilikuwa nyepesi tu, kinachonyanyua ni pampu, mzigo haunyanyuki, basi pampu. Ikaagizwa ya mtumba kutoka Dar, ikaja na basi. Kwenye aina hii ya trekta pampu imezama humohumo ndani ya oili chini ya kiti, kwa hiyo kuifikia lazima ung'oe mfuniko wote wa juu wenye mikono ya kunyanyulia, chuma kizito hasa, tukaubeba watu watatu tukaupindua chini ya mwembe ukakaa siku mbili. Tukafunga pampu, tukarudishia mfuniko, na kilichonipoteza kabisa ni kwamba hali ilibadilika kidogo: badala ya kugoma saa tano ikawa inagoma saa saba. Nikatangaza ushindi. Wiki mbili mbele fundi mmoja mzee akaja, hata hakugusa spana, akaniuliza, "Mwanangu, ukizima injini, slasha inakaa juu?" Nikamwambia haikai, inashuka. Akauliza tena, "Na injini ikiwa imezimwa, pampu inafanya kazi gani?"

Haifanyi kazi yoyote. Imesimama. Yaani kilichokuwa kinashusha slasha hakikuwa pampu, mpya wala ya zamani.

Kosa langu halikuwa kusema pampu huchakaa, maana inachakaa kweli, kosa ni kudhani pampu ndo inayoushikilia mzigo juu. Pampu inasukuma oili iingie kwenye silinda, oili inasukuma pistoni, pistoni inazungusha shafti yenye mikono. Baada ya hapo leva ikikaa katikati, oili inafungiwa ndani na kazi ya kushikilia inabaki kwa valvu na sili, ule mpira unaoziba mwanya oili isipite. (Na kuna wanaoamini haidroliki hii inakandamiza plau ardhini. Hapana, inajua kwenda juu tu, kushuka ni uzito wa plau yenyewe.) Mfumo huu ulienezwa na Harry Ferguson wa Ireland ya Kaskazini kwa trekta lake dogo TE20, lililotengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956, zaidi ya laki tano, na matrekta mengi madogo yaliyofuata yakaurithi.

Sasa joto linaingia wapi? Chukua nazi. Tui la kwanza, lile zito, ukiliweka kwenye kifumbu linajivuta, unakamua mpaka mkono unauma. Tui la mwisho, jepesi, linachuruzika lenyewe kabla hujaanza kukamua. Kifumbu ni kilekile, matundu ni yaleyale, kilichobadilika ni uzito wa kinachopita. Ndani ya trekta kifumbu ni ule mwanya mwembamba kati ya pistoni na silinda ambapo sili imekauka au kuliwa, na oili asubuhi ni tui la kwanza, saa tano ni tui la mwisho. Oili ya haidroliki inayoandikwa 68 imepewa namba hiyo kwa sababu ikiwa na joto la nyuzi 40 uzito wake wa kutiririka ni sentistoki 68 (sentistoki ndo kipimo cha uzito huo). Ikiwa imepoa kwenye nyuzi 25 inakaribia 150, ikifika nyuzi 80 inabaki kama 15. Mara kumi! Nje unaona oili ni ileile, rangi ileile, kipimo kilekile kwenye dipstiki, ila kwa ule mwanya ni kitu kingine kabisa. Na inasukumwa kwa presha inayozidi kilo 100 kwa kila sentimita ya mraba wakati tairi la gari dogo lina kama kilo 2 tu.

Kuna jingine ambalo mimi binafsi lilinifurahisha kuliko inavyostahili. Kwenye mwanya mwembamba, kuvuja hakufuati upana moja kwa moja. Mwanya ukiwa mara mbili, kinachopita ni mara 8, kwa sababu ni 2 mara 2 mara 2. Hesabu hiyo ni ya mwanya laini uliolingana, sili iliyochanika haifuati hesabu ya mtu, lakini inaonyesha kwa nini trekta linaonekana zima miaka na miaka halafu msimu mmoja linaharibika ghafla.

Pampu mpya nayo ilitupa yale masaa mawili kwa njia hii: ndoo imetoboka, unajaza kwa kikombe, haijai. Ukipewa kopo kubwa inajaa, ila tundu halijazibwa, na kadri jua linavyopanda tundu linapitisha zaidi mpaka kopo nalo linashindwa. Na huoni tone nje kwa sababu silinda iko ndani ya mfuniko, ikivuja inamwaga kwenye oili ileile iliyotoka. Inajichotea na kujimwagia humohumo.

Kwa hiyo kipimo cha yule mzee: trekta likiwa la moto, nyanyua slasha, zima injini, weka alama kisha angalia, na usiingize mguu chini. Ikishuka haraka, tafuta sili ya pistoni, oringi (vipete vya mpira) za bomba linalopandisha oili, au valvu. Ikikaa juu lakini kunyanyua haiwezi, hapo ndo rudi kwenye pampu, chujio lake na valvu ya kupunguza presha. Kushuka taratibu sana ni kawaida hata kwa lililo zima, na vyote viwili vinaweza kuwa vimechoka pamoja, kwa hiyo kipimo hiki kinakuonyesha pa kuanzia, hakikupi hukumu.

Kabla ya yote angalia leva ya PTO, yaani ile shafti ya nyuma inayozungusha visu vya slasha. Kwenye matrekta ya ukoo huu pampu inazungushwa na shafti ya PTO, sasa mtu anaitoa ili visu vya slasha visimame, halafu anavuta leva ya haidroliki hakuna kitu, anaita fundi.

Dawa ya mtaani ni kumwaga oili nzito zaidi. Inasaidia, na fizikia inaikubali, ila pampu nayo inainyonya oili hiyo kupitia chujio, jaribu hivyo Newala mwezi wa saba alfajiri usikie inavyolia. Na oili hiyohiyo inalainisha gia, kwa hiyo kitabu cha trekta ndo kiseme.

Tuling'oa tena ule mfuniko, watu walewale watatu, mwembe uleule. Tukiupindua, silinda ilikuwa inatutazama, imefungwa kwa chini yake, palepale ilipokuwa siku mbili zile za kwanza. Sili ilitoka ngumu kama kipande cha kifuu. Siku hizi mjomba akizima injini saa sita slasha inashuka bado, ila anakwenda kula, anaswali, akirudi anaikuta ndo imefika usawa wa magoti.