Je, kumhudumia mzee hakuhitaji mafunzo ya pekee?

Wengi huamini kwamba mhudumu wa afya anayejua kutibu watu wazima atamtibu mzee vilevile, hasa kwenye zahanati za mbali zenye mhudumu mmoja tu. Lakini mwili wa uzeeni huweza kuficha ugonjwa. Nimonia inaweza kuja bila homa. Dalili ya kwanza ikawa kuchanganyikiwa ghafla au kuanguka, na nyumbani watu wakasema ni uzee tu. Hapo ndipo mafunzo huokoa maisha. Figo nazo hupungua nguvu, hivyo baadhi ya dozi hupunguzwa. Hili unaweza kulihakiki: soma karatasi iliyomo kwenye pakiti ya dawa, utafute sehemu inayohusu wazee. Kisha beba dawa zote za mzee wako, hata za mitishamba, umwombe mhudumu azipitie moja moja.