Wivu si kipimo cha mapenzi, na dhana nyingine ninazozisikia kila wiki

Mabinti walioolewa majuzi huniambia, na kina mama wenye wajukuu huniambia vilevile: "Ananionea wivu kwa sababu ananipenda." Wengine huja na malalamiko ya upande wa pili: "Siku hizi hata wivu hana, nadhani nimemchosha." Nafanya kazi ya ushauri wa ndoa hapa Dar es Salaam, na katika yote ninayoyasikia hakuna imani inayoniumiza kuliko hii, kwa sababu nimeona inavyowafikisha watu pabaya huku wakiamini wanapendwa.

Dhana: Asiye na wivu hapendi

Kuhisi wivu si dhambi wala ugonjwa. Umemwona mumeo harusini anacheka kwa ukaribu uliozidi na mwanamke mwingine, roho ikakuuma. Hujakosea chochote. Kosa linaanza pale maumivu hayo yanapogeuzwa ratili ya kupimia mapenzi.

Mwaka 1989 watafiti wa saikolojia Susan Pfeiffer na Paul Wong waliugawa wivu katika sehemu tatu. Ya kwanza ni maumivu yenyewe. Ya pili ni shaka, yaani kuwaza usiku na mchana kwamba mwenzangu ana mtu. Ya tatu ni vitendo: kupekua, kuhoji, kufuatilia. Walipolinganisha sehemu hizo na mapenzi, walikuta maumivu yanaambatana na kupenda, lakini shaka inakwenda kinyume kabisa. Wenye shaka zaidi ndio waliokuwa na alama za chini za mapenzi. Sasa niambieni, ni nani aliyewahi kufikishwa kwa mshauri kwa sababu roho ilimuuma harusini? Kinachofika mezani kwangu ni simu iliyopekuliwa usiku wa manane, mke aliyezuiwa kwenda kwa dada yake Mbagala, mume anayepigiwa simu ya video athibitishe kwamba kweli yuko kazini. Hizo ni sehemu ya pili na ya tatu, na ndizo zinazosifiwa kuwa mapenzi makubwa.

Shaka hiyo mara nyingi mtu huja nayo kabla hajakufahamu. Cindy Hazan na Phillip Shaver, mwaka 1987, waliyachukua mawazo ya John Bowlby, daktari wa akili wa Uingereza, kuhusu mtoto na mlezi wake wakayapeleka kwa watu wazima wanaopendana. Kati ya waliojibu maswali yao kupitia gazeti moja la Marekani, asilimia 19 walikuwa wa aina ya wasiwasi: wanataka ukaribu sana, wanaogopa kuachwa, na wivu wao uko juu. Mtu wa namna hiyo angemshuku mke yeyote. Nikimuuliza mume kuhusu uhusiano wake uliopita, mara nyingi napata hadithi ileile, jina la mwanamke tu ndilo limebadilika. Kwa hiyo, dada yangu, anapokulinda namna hiyo, anaitunza hofu yake, na hofu hiyo haitaisha hata ukivaa baibui mpaka machoni na kuacha kazi.

Sehemu inayonitisha zaidi ni hii. Nchini Marekani, Sylvia Puente na Dov Cohen walichapisha mwaka 2003 utafiti ambamo watu walisikiliza visa vya mume anayegombana na mkewe. Mume alipompiga mkewe kwa jambo lisilohusu wivu, wasikilizaji walimwona hampendi mkewe kama mume asiyepiga anavyompenda wake. Lakini kofi lilipotokana na wivu, walimhesabu anapenda sawasawa na yule asiyepiga. Kofi ni lilelile, ila wivu umelisafisha. Nimewahi kukaa na shangazi mtu mzima, mwenye busara kwa mambo mengine yote, akimtuliza binti aliyevimba jicho kwa maneno hayohayo: "Mwanaume asiyekasirika hivyo hana habari nawe."

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2005 ripoti ya utafiti uliofanyika katika nchi 10, Tanzania ikiwemo, Dar es Salaam na Mbeya. Wanawake waliowahi kuwa na mwenza waliosema wamepigwa naye au kulazimishwa tendo la ndoa walikuwa asilimia 41 Dar na 56 Mbeya. Wanawake hao ndio pia waliosema zaidi kwamba waume zao wanawazuia kuonana na marafiki, wanataka kujua waliko kila saa, wanakasirika wakizungumza na mwanaume mwingine. Watafiti waliyaandika mambo hayo kama udhibiti. Sisi tunayapigia vigelegele.

Na kwa anayeniambia kwamba kumrudi mke ni mila, Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenza wake, hata kama mila inaruhusu. Sheria hiyo ina zaidi ya miaka 50.

Nije kwenye simu, maana ndiko wivu unakoishi siku hizi. Huko Kanada, Amy Muise na wenzake walichunguza wanafunzi 308 mwaka 2009 wakaona kwamba muda mwingi zaidi kwenye Facebook uliambatana na wivu zaidi, na wakaeleza mzunguko wake: unaona kitu usichokielewa, unaingia wivu, unarudi kutafuta zaidi, unakuta kingine usichokielewa. Ndivyo ilivyo kwa tiki za bluu, kwa "alikuwa mtandaoni saa saba usiku", kwa moyo mwekundu chini ya picha. Upekuzi haumalizi shaka hata usipokuta kitu. Asiyekuta kitu huniambia, "Atakuwa amefuta."

Ushauri wangu wateja wanaujua, na wengine umewachosha: acheni kuombana namba ya siri ya simu. Sema hofu yenyewe. "Ulipochelewa jana bila kunipigia niliogopa" ni sentensi ngumu kuitamka, lakini ina jibu. "Ulikuwa na nani?" ni swali la kituo cha polisi, na mwenzako atajibu kama mtuhumiwa hata kama alikuwa kwenye foleni ya Ubungo. Na wale wanaoweka picha na mwanaume mwingine kwenye status ili kumpima mume kama bado anajali, tafadhali, acheni mchezo huo leo. Mnamwamsha mtu mwenye hofu halafu mnashangaa anachokifanya.

Mtu akinibana nimpe kipimo, nampa hiki: mwenzako hufanyaje ukimletea habari njema? Shelly Gable na wenzake walionyesha mwaka 2004 kwamba wapenzi wanaopokea habari njema za wenzao kwa furaha na maswali ya kutaka kujua zaidi ndio wenye kuridhika, kuaminiana na ukaribu zaidi. Mke amepandishwa cheo. Mume mmoja anasema, "Hebu nisimulie, walikwambiaje?" Mwingine anasema, "Huyo bosi wako anataka nini kwako?" Wote wawili watakuambia wanampenda mke wao. Tazama mke yupi atarudi tena nyumbani na habari.

Dhana: Amewekewa limbwata

Hapana. Kama mumeo amemzoea mwanamke wa ofisini kwake, jibu liko kwenye saa wanazokaa pamoja. Leon Festinger, Stanley Schachter na Kurt Back walichunguza nyumba za wanafunzi wenye familia za chuo cha MIT, wakatoa kitabu mwaka 1950. Wanaopakana mlango kwa mlango walitajana kuwa marafiki kwa asilimia 41, na waliokaa pande mbili za mwisho za ujia kwa asilimia 10, na umbali wenyewe ulikuwa hatua chache tu. Mwaka 1992 Richard Moreland na Scott Beach waliwapeleka wanawake wanne wakae darasani bila kuzungumza na yeyote, kila mmoja kwa idadi yake ya vipindi, kutoka sifuri hadi 15. Aliyeonekana mara nyingi zaidi ndiye aliyewavutia wanafunzi zaidi. Hakuna aliyetiliwa kitu kwenye chakula. Pesa ya mganga ipelekeni kwenye nauli, mkatembee pamoja jioni.

Dhana: Mkifanana mtachokana, wapinzani ndio huvutana

Hiyo ni tabia ya sumaku. Wazo kwamba watu huchagua mwenza wa kuwakamilisha lilipata nguvu miaka ya 1950 kupitia Robert Winch, aliyechunguza wanandoa 25, na waliojaribu kulithibitisha baada yake kwa sehemu kubwa walishindwa. Mwaka 2008 Matthew Montoya na wenzake walijumlisha tafiti 313, na mfanano ndio ulioshinda. Kwa waliokwisha kuwa pamoja, kilichobaki na uzito ni kuhisi kwamba mnafanana, zaidi ya kufanana kwenyewe. Mpole na mchangamfu wanaweza kuishi vizuri sana. Mmoja anayetaka watoto na mwingine asiyetaka, msinitegemee niwapatanishe kwa methali.

Dhana: Ndoa nzuri haina ugomvi

Hii huletwa na wachumba waliosimuliwa kwenye kitchen party kwamba mke mwema hajibu. John Gottman, aliyewarekodi wanandoa kwa miaka mingi huko Seattle, alikuta asilimia 69 ya mambo wanayobishania hayaishi. Miaka inapita na wanabishania yaleyale, pesa, ndugu, usafi, malezi. Waliodumu vizuri walibishana pia, ila hata katikati ya mabishano walikuwa na kama mambo matano mema kwa kila baya moja: kutabasamu, kukubali hoja, kugusana mkono. Walioharibikiwa walidharauliana.

Mke asiyejibu hajaupata utulivu. Mara nyingi moyo unamwenda mbio na kichwa hakisikii tena, na mume naye hivyohivyo. Mkifika hapo, simamisheni mazungumzo kwa dakika 20 au zaidi, na semeni mtarudi saa ngapi, ili aliyebaki sebuleni asidhani ameachwa. Katika dakika hizo usimpigie mama yako wala shosti yako kumsimulia, maana utakuwa unaendelea kugombana kupitia mtu mwingine na mapigo ya moyo hayatashuka. Oga, kunja nguo, toka nje uzunguke mtaa mmoja, kisha urudi saa uliyoisema.