Dolma ni nini, na kwa nini nyingine huitwa "ya uongo"

Istanbul, Uturuki, kuna gari dogo la abiria liitwalo dolmuş, yaani "lililojaa" kwa Kituruki: desturi yake ni kutoondoka kituoni hadi lijae, na msafiri wa daladala hahitaji maelezo zaidi. Dolma, jina la chakula, ni ndugu wa neno hilo. Shina ni dolmak, kujaa. Basi si chakula kimoja. Ni chochote kinachojazwa ndani kikapikwa: pilipili hoho, biringanya, nyanya, hata kome wanaouzwa barabarani Izmir wakiwa na wali wa viungo na kukamuliwa limau. Kinachoviringishwa ndani ya jani la mzabibu au la kabichi jina lake hasa ni sarma, ila majumbani wengi huviita vyote dolma.

Mgawanyiko wenye uzito ni wa nyama. Dolma ya nyama hujazwa nyama ya kusaga mbichi na mchele mbichi, huliwa moto, na mtindi wenye kitunguu saumu juu yake. Kwa nusu kilo ya nyama tia mchele gramu 100 hivi; nyama isiyo na mafuta hukauka ikawa ngumu. Isiyo na nyama hupikwa kwa mafuta ya zeituni na kuliwa ikiwa imepoa, kwani mafuta hayo hayagandi mdomoni kama ya kondoo. Hii ndiyo yalancı, "mwongo": inajifanya ina nyama.

Kwa majani 50 ya mzabibu ya hiyo ya uongo, kaanga vitunguu vikubwa 4 katika nusu kikombe cha mafuta ya zeituni, moto mdogo, dakika 15, vilainike bila kubadilika rangi. Usipunguze vitunguu, ndivyo vinavyoleta utamu na unyevu. Ongeza kikombe kimoja na nusu cha mchele uliooshwa, zabibu kavu, mbegu za msonobari, mdalasini, nanaa kavu na chumvi kidogo. Mchele uwe mfupi mnene. Basmati huachana, na ukikata kipande kila kitu kinamwagika.

Majani ya kopo yana chumvi kali: yachemshe dakika chache, uyasuuze. Lilaze jani upande wenye mishipa ukikuangalia, weka kijiko cha chai cha ujazo, kunja pembeni, viringisha unene wa kidole kidogo. Usibane. Mchele utavimba, na jani lililobanwa hupasuka.

Panga kwa kusongamana, funika kwa sahani iliyopinduliwa ili visielee, mimina maji ya moto yasifike tabaka la juu, kamulia limau. Dakika 40 kwa moto mdogo. Kisha usifunue. Viache vipoe ndani ya sufuria saa kadhaa. Vikitolewa moto, majani hukauka na kuwa meusi.